Je, Wajua? Yaliyomo Katika Madaftari ya Uvira

Je, wajua kwamba ushahidi mzito kuhusu maji ya bomba na kipindupindu ulipatikana Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya ziwa Tanganyika, kwa kulinganisha kumbukumbu za sehemu mbili za kazi ambazo hazikuwa na mazoea ya kukaa meza moja?

Kumbukumbu za kwanza ni za Regideso, shirika la maji la serikali ya Kongo. Mtambo wake wa Uvira huchota maji ya mto Mulongwe, huyasafisha, kisha huyapeleka mjini, na kiasi kinachotoka kila siku huandikwa. Za pili ni za kituo cha kutibu kipindupindu, ambako kila anayelazwa huandikwa tarehe na mtaa anakotoka. Fundi wa pampu hana sababu ya kusoma rejista ya wagonjwa. Muuguzi anayetundika dripu usiku kucha hana nafasi ya kuuliza mtambo ulizimika lini. Kila mmoja anajua nusu ya habari, na nusu yake anaijua vizuri.

Aurélie Jeandron wa chuo cha afya ya umma na tiba za tropiki cha London, pamoja na wenzake wakiwemo Wakongo, waliweka kumbukumbu hizo bega kwa bega, siku kwa siku, kuanzia 2009 hadi 2014. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la PLoS Medicine. Siku ambayo bomba lilikauka kabisa ilifuatwa na siku 12 za hatari: walioingia kituoni wakishukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya kiwango kinachofuata siku ambayo maji yametoka kwa wingi. Kwa jumla, karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka hiyo walihusishwa na kupungua na kukatika kwa maji.

Sababu yake kila mama wa Uvira anaijua. Bomba likikauka, watoto hubeba bidoni wakateremka ziwani au mtoni. Umeme unaoendesha pampu hutoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi, nao hukatika. Mvua kubwa nazo hujaza tope mtoni hadi mtambo ukashindwa kusafisha. Kabla ya hapo jambo hilo lilikuwa manung'uniko ya mtaani. Baada ya hapo likawa namba ambayo waziri, mfadhili na mhandisi hawakuweza kuipita kando.

Mimi huwafikiria zaidi walioshika kalamu. Siku ambayo hakuna tone lililotoka, mtu aliyechoka anaweza kuliacha daftari tupu, kwa kuwa hakuna cha kuandika. Lakini nafasi tupu haimwambii msomaji kama maji hayakuwepo au mwandishi ndiye hakuwepo. Sifuri inamwambia. Mahali pa kazi ambapo msimamizi hukasirikia sifuri, wafanyakazi hujifunza kuacha nafasi tupu, au kuweka namba ya kumpendeza, na hapo hakuna mtaalamu wa London wala wa Kinshasa atakayeweza kusaidia.

Njia hiyo ya kulinganisha kumbukumbu, kwa kweli, ina wazee wake. Mwaka 1854 daktari John Snow alitaka kujua kwa nini kipindupindu kiliua watu wengi zaidi katika baadhi ya nyumba za London ya kusini kuliko majirani zao. Alihitaji kujua nani amekufa wapi, na nyumba hiyo inanunua maji ya kampuni gani. Anwani za marehemu alizipata kwa William Farr, mkuu wa takwimu katika ofisi ya kuandikisha vifo. Farr wakati huo aliamini kwamba ugonjwa unatokana na hewa chafu. Hakukubaliana na Snow, na bado alimfungulia rejista. Huo ni ukarimu wa kikazi ambao ningependa kuuona katika ofisi zetu zaidi kuliko warsha yoyote: kumpa mwenzako takwimu zako hata kama unadhani amekosea.

Na kumbukumbu za Uvira hazikuishia kwenye maji. Ili kupima kama ukarabati wa mabomba ungepunguza ugonjwa, vituo vya matibabu viliwekewa utaratibu wa kudumu wa kuandikisha wagonjwa na kuwapima kinyesi kwa kipimo cha haraka. Mwaka 2020, mwaka uleule ambao mto Mulongwe ulifurika mwezi wa Aprili na kubomoa nyumba na daraja, watu wa Uvira walipewa chanjo ya kipindupindu ya kumeza. Wengi waliipata dozi moja tu. Swali likawa: dozi moja inasaidia kwa muda gani? Utaratibu wa kulijibu ulikuwa tayari umesimama, umejengwa kwa ajili ya swali jingine. Utafiti ulioongozwa na Espoir Bwenge Malembaka, daktari Mkongo, ulichapishwa mwaka 2024 katika The Lancet Infectious Diseases, ukaonyesha kwamba dozi moja ilipunguza hatari ya kuugua kwa takriban nusu baada ya zaidi ya mwaka mmoja, na kinga hiyo ilikuwa imepungua kidogo tu baada ya miaka miwili hadi mitatu. Nchi zinazogawana chanjo chache zina haja kubwa ya kujua hilo.

Je, wajua kwamba wana wa chifu mmoja wa Uvira waliwahi kusahihisha jiografia ya London kwa sentensi moja, na London ikachukua miaka 13 kukubali?

Mwezi wa Aprili 1858 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa na tumaini kubwa. Speke alikuwa amekwisha kuongea na mfanyabiashara Mwarabu, Hamid bin Sulayyim, akaondoka akiamini kwamba kaskazini mwa Tanganyika kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Kama ni kweli, huenda huo ndio mwanzo wa Nile. Pale Uvira wakatembelewa na wana watatu wa chifu Maruta. Waliulizwa kuhusu mto huo, Ruzizi. Wakajibu kwamba wamefika wenyewe mtoni, na kwamba mto huo unaingia ziwani, hautoki. Waliokuwa wamesimama karibu wakakubali wote. Burton aliandika kwamba moyo wake ulivunjika.

Ndipo Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wao, akaeleza kilichotokea: Speke hakumwelewa Mwarabu, ambaye naye alikuwa amesema juu ya mto unaoingia. Zaidi ya hapo, Bombay alikuwa na hakika kwamba Mwarabu mwenyewe hakuwahi kufika kaskazini ya rasi ya Ubwari. Tazama mlolongo huo. Habari ilitoka kwa mtu asiyefika, ikapita kwa mkalimani, ikaingia katika sikio lililokuwa na hamu ya kusikia jibu fulani. Aliyejua kasoro ya mlolongo alikuwa kwenye msafara tangu mwanzo, na ni pale Uvira tu ndipo maneno yake yalipopata uzito.

Wasafiri hao hawakuuona mlango wa Ruzizi kwa macho, kwa kuwa wapiga makasia walikataa kuendelea. Ugomvi kati ya Burton na Speke kuhusu chanzo cha Nile ulipopamba moto, Burton mwenyewe alirudi nyuma: mwaka 1864 alitetea wazo kwamba huenda Ruzizi inatoka ziwani. Ushahidi wa Uvira aliouandika kwa mkono wake ukawekwa kando. Ilibidi wasafiri Livingstone na Stanley wapige makasia hadi mdomo wa mto mnamo Novemba 1871, wautazame mkondo, na kuthibitisha kile ambacho wana wa Maruta walikuwa wamesema bure. Ruzizi hushuka kutoka ziwa Kivu, lililo juu kwa karibu mita 700 kuliko Tanganyika. Mteremko huohuo ndio unaozungusha mitambo ya umeme leo.

Je, wajua kwamba Uvira ina kituo cha utafiti wa ziwa kilichoanza katika miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia? Taasisi ya Wabelgiji iliyoitwa IRSAC iliundwa mwaka 1947, makao yake makuu yakiwa Lwiro, karibu na Bukavu, na Uvira ikapewa kazi ya elimu ya viumbe vya majini. Katika miaka ya 1950 Georges Marlier alifanya kazi hapo, na mwaka 1956 samaki mmoja mdogo wa miambani, mweusi mwenye madoa ya rangi ya maziwa, alipewa jina la Julidochromis marlieri kwa heshima yake. Baada ya uhuru taasisi ilibadilishwa jina zaidi ya mara moja. Leo kituo hicho kinaitwa Centre de Recherche en Hydrobiologie, na watu wa mjini hukiita CRH.

Kipindi ninachokipenda katika historia yake kilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, Wajapani walipofika. Hiroya Kawanabe wa Chuo Kikuu cha Kyoto aliongoza kundi la watafiti waliokuja na vifaa vya kuzamia, jambo ambalo lilibadilisha kazi nzima. Hadi hapo samaki wa Tanganyika alijulikana zaidi akiwa amekufa, ndani ya chupa. Sasa mtu alikaa chini ya maji kando ya jiwe, na ubao wa plastiki na penseli, akiandika nani anakula nini, nani anamfukuza nani, nani anamlindia nani watoto. Huko Luhanga, kusini mwa mji, Michio Hori na wenzake walipima kipande cha mwamba chenye mita 20 kwa 20 na kuhesabu samaki waliomo. Wakakuta aina zaidi ya 30 za jamii ya siklidi zikiishi pamoja katika eneo dogo kuliko uwanja wa mpira wa kikapu.

Hori ndiye aliyekuja kueleza jambo la ajabu kuhusu samaki anayekula magamba ya wenzake, Perissodus microlepis. Kuna wenye mdomo uliopinda kulia na wenye mdomo uliopinda kushoto. Wa upande mmoja hushambulia ubavu mmoja tu wa windo. Upande mmoja ukizidi kwa wingi, windo huzoea kulinda ubavu ule, na upande wa pili hupata nafasi ya kushiba na kuzaa zaidi. Kwa hiyo uwiano huyumba huku na huku bila kupotea mbali na nusu kwa nusu. Makala yake ilitoka katika jarida la Science mwaka 1993, ikitegemea kumbukumbu za miaka 11. Hakuna mradi wa miaka miwili ambao ungeweza kuona kuyumba huko. Ungeona mdomo wa kulia umezidi, ungeandika hivyo katika ripoti, ungefunga faili.

Watafiti wa Uvira nao walizamia, wakahesabu, na wakaandika kwa majina yao wenyewe. Nshombo Muderhwa, Gashagaza Masta Mukwaya na wenzao walichapisha pamoja na Wajapani, na pia peke yao, katika jarida la Kyoto liitwalo African Study Monographs. Mulimbwa N'Sibula alishirikiana na Mjapani Shirakihara kuandika mwaka 1994 juu ya kukua na kuzaa kwa ndagala, yaani dagaa, wa kaskazini-magharibi mwa ziwa. Miaka 20 baadaye alikuwa akiandika na Jouko Sarvala wa Finland kuhusu ndagala haohao na wadudu wadogo wa majini wanaowalisha. Wageni walibadilika, lugha zikabadilika, vita vya 1996 vikapita katikati ya mji, wakati utafiti wa Wajapani ulipokuwa ukiegemea Mpulungu, Zambia. Aliyebaki na kumbukumbu ni mtu wa Uvira. Miradi inayokuja na masharti kwamba mtaalamu wa mahali atatajwa tu mwishoni, katika shukrani, ingefaa kusoma orodha hiyo ya makala.

Je, wajua kwamba wavuvi wa ndagala wana likizo ya kila mwezi inayopangwa na mwezi wenyewe? Usiku wa giza, taa za mtumbwi huwavuta wadudu wadogo wa majini, na wadudu huwavuta ndagala, na ndagala humvuta mukeke, samaki anayewala. Mbalamwezi inapoenea, taa haina nguvu, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa ufukweni. Nyavu hutandazwa, matundu huzibwa, injini hufunguliwa.

Siku hizo ndizo shule. Kijana anayekaa karibu na fundi wa nyavu haambiwi kanuni. Anaona jinsi mzee anavyokaza uzi kwa kidole cha mguu, anavyopima jicho la wavu kwa upana wa kidole cha mkono, anavyokataa fundo fulani na kulifungua bila kusema neno. Muulize mzee kwa nini, na mara nyingi atakujibu kwa kulifunga tena, polepole zaidi.

Wajapani wawili, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, waliandika mwaka 1995 kitabu kuhusu kampuni zinazozalisha maarifa, na mfano wao maarufu ni wa aina hiyohiyo. Kampuni ya Matsushita ilitaka kutengeneza mashine ya kuoka mkate nyumbani, na mkate ukawa unatoka mbaya: ganda limeungua, ndani unga mbichi. Mfanyakazi mmoja, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka iliyosifika kwa mkate wake. Aligundua kwamba mwokaji, licha ya kuuvuta unga, alikuwa pia akiusokota. Mwokaji mwenyewe hakuwahi kulieleza hilo kwa maneno. Tanaka akawarudia wahandisi na neno la kufanyia kazi, sehemu za ndani za mashine zikabadilishwa, na mashine ikaingia sokoni mwaka 1987. Hoja ya waandishi hao ni kwamba ujuzi wa mikono hupita kwanza kwa kukaa pamoja, na baadaye tu kwa maandishi. Kampuni inayowatimua wazee wake siku moja na kubaki na miongozo kabatini imepoteza sehemu kubwa ya mali yake bila kuiona katika hesabu.

Je, wajua kwamba sambaza wanaoliwa Bukavu na Goma wana asili ya Tanganyika? Kati ya 1958 na 1960 mtaalamu wa uvuvi A. Collart alisafirisha vifaranga vya ndagala hadi ziwa Kivu, ambako hakukuwa na samaki wa kuishi katikati ya maji ya wazi. Ziwa Tanganyika lina aina mbili za ndagala, Stolothrissa na Limnothrissa. Iliyokubali makao mapya ni Limnothrissa. Samaki walihama kwa muda mfupi. Ujuzi wa kuwavua kwa taa na wavu wa kuinua ulihitaji muda zaidi, na wavuvi wa Kivu walijifunza kutoka kwa wale wa Tanganyika.

Je, wajua kwamba Tanganyika, ziwa la nchi nne, liliwahi kupimwa kwa fomu moja? Kuanzia mwaka 1993, katika mradi wa FAO uliofadhiliwa na Finland, vituo vya Bujumbura, Kigoma na Mpulungu vilipima joto la maji, hewa ya oksijeni na virutubisho kwa utaratibu mmoja. Kila kituo peke yake kingeona namba zinazopanda na kushuka bila mpango. Zilipowekwa pamoja, ziwa lote lilionekana likiinama: upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi husukuma maji ya joto kuja kaskazini, kwetu, na maji baridi yenye virutubisho huinuka kusini. Upepo ukikoma, maji huyumba kwa miezi. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliunganisha vipimo vya joto vilivyoanza mwaka 1913 na kukadiria kwamba uzalishaji wa mwani umepungua kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa karibu asilimia 30. Mwaka huohuo, tarehe 12 Juni, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza ziwa, na kubadilishana habari ni sehemu ya wajibu waliokubali.

Kuna wajibu mmoja ambao bado hautimizwi inavyostahili. Karibu yote niliyoyataja hapa yaliandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Mvuvi wa Kalundu, bandari ya Uvira, hutumia Kiswahili, Kivira, Kifuliiru au Kibembe, na ndiye aliyetoa samaki waliopimwa. Siku za mbalamwezi yupo ufukweni, mchana kutwa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, unaosomwa na mtafiti mwenyewe kando ya nyavu, haugharimu chochote zaidi ya nauli ya pikipiki.

Je, wajua, mwisho, kwamba jina la mtafiti wa Uvira linaishi ndani ya matamvua ya samaki? Kuhe, ambaye ndiye siklidi mkubwa kuliko wote duniani, ana kimelea mdogo sana anayeshikilia matamvua yake kwa kulabu. Mwaka 2012 wanasayansi, akiwemo Fidel Muterezi Bukinga wa CRH, walimweleza kwa mara ya kwanza na kumwita Cichlidogyrus nshomboi, kwa heshima ya Nshombo Muderhwa. Katika makala hiyohiyo kimelea mwingine akaitwa muzumanii, kwa jina la mtafiti mwenzao wa Uvira. Mwaka 2015 ikafika zamu ya Muterezi, naye akapata wake, Cichlidogyrus muterezii.